Mkono Uliokuwa Ukinywa Betri

Altine Sangare alikuwa mwanamke wa kutegemewa. Hilo hata wasiompenda pale Segu wangekuambia. Maziwa yake hayakuwahi kutiwa maji. Ukifikwa na msiba, utamwona anaingia na sufuria yake kubwa kabla wewe mwenyewe hujakumbuka kwamba wageni watakula. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwanamke huyohuyo alikuwa akiiua kamera ya mumewe kidogo kidogo, kila jioni, kwa kidole kimoja, usikimbilie kumhukumu. Kaa kwanza.

Mumewe, Ngolo Dembele, alikuwa na studio ya picha kwenye barabara inayoshukia sokoni, studio aliyoachiwa na baba yake. Simu zilipoingia mjini, studio za wenzake zilifungwa moja baada ya nyingine zikawa maduka ya vocha na mawigi. Ngolo akabaki na picha za vitambulisho, anafungua mlango asubuhi na kusinzia mpaka adhuhuri. Halafu dunia ikageuka, kama ilivyozoea. Vijana waliochoshwa na picha za kwenye simu wakaanza kutaka picha kama za babu zao: nyeusi na nyeupe, mtu amekaa kwenye kiti mbele ya pazia la miraba, mikono magotini, macho makavu. Ngolo akaishusha kamera ya filamu ya baba yake kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi, na riziki ikarudi nyumbani.

Altine alikuwa nusu ya kazi hiyo. Yeye ndiye aliyewafunga wanawake vilemba, yeye ndiye aliyewanyooshea wazee kanzu zao, na mtoto akilia, yeye ndiye aliyejua dawa yake. Na kwenye kioo cha mbele cha studio, mahali ambapo kila mpita njia hutupa jicho, ilining'inia picha yake mwenyewe, ya mwaka aliomzaa binti yao Sira: hereni za dhahabu, shingo imenyooka, mdomo unataka kucheka na umekatazwa. Wateja walikuwa wakiinyooshea kidole. "Nipige kama huyu." Miaka yote hiyo Altine hakuwahi kupita pale bila kujitazama, kwa wizi, kama mtu anayehakikisha kuwa bado yupo.

Ndipo akaja Jelika Tangara.

Jelika alikuwa akitia vitambaa rangi ya matope kule ukingoni mwa mto. Kucha zake hazikutakata hata siku ya sikukuu, na alikuwa na kicheko kile cha kuanzia tumboni, ambacho mtu akikisikia hutamani angekuwa yeye aliyesema hilo la kuchekesha. Mara ya kwanza alikuja kupigwa picha na vitambaa vyake. Akarudi na kitambaa kipya. Akarudi tena, na safari hii hakuwa na kitambaa chochote. Ngolo, ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuvutwa kwa kamba kama ndoo ya kisimani, alisikika ng'ambo ya ukuta akisimulia habari za baba yake, za mvua ya mwaka fulani, za punda wa jirani. Na kila alipotulia, kicheko.

Siku moja Altine alikuwa akitoka sokoni na beseni lake kichwani. Akatupia jicho kioo kama kawaida yake. Pale ilipokuwa picha yake, akakuta picha ya Jelika inamtazama.

"Picha yangu iko wapi?" alimuuliza mumewe.

"Ipo, nimeiweka kwenye droo. Ilikuwa imepauka kwa jua, mama Sira. Halafu watu wameshaizoea."

"Wameizoea."

"Eeh. Kioo nacho kinataka sura mpya."

Altine alikwenda kupika. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, ugali wake wa mtama ulikuwa na mabonge, na Ngolo akayala bila kusema kitu, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

Sasa, kamera ile ilikuwa na tabia moja ya kuijua. Juu upande wa kulia ina kimkono cha kusogezea filamu. Ukikivuta nje kidogo tu, kipima mwanga kilichomo ndani huamka, na kijisindano kinapanda ukichungulia. Ukikirudisha kikalala ubavuni, nacho kinalala. Betri zake ni ndogo kama vifungo vya shati, na zikiisha, kamera haifyatui kabisa. Ubonyeze mpaka kidole kiume, kimya. Mambo hayo Altine hakufundishwa na mtu mwingine. Alifundishwa na Ngolo mwenyewe, siku za mwanzo za ndoa, amesimama nyuma yake, kidevu begani kwake. "Kimkono usikiache nje, mpenzi. Betri itakwisha bure."

Studio iliwahi kuvunjwa, kwa hiyo kila jioni Ngolo alimpa mkewe kamera aifunge kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kasha la chumbani. Na kila jioni, tangu ile siku ya kioo, Altine alikivuta kile kimkono kwa ncha ya kidole, taratibu, kisipige mlio. Akafunga kitambaa. Alfajiri, kabla ya kumkabidhi mumewe, alikirudisha mahali pake.

Betri zikaanza kufa. Jelika akaja siku moja amejipaka wanja, amekaa kwenye kiti, Ngolo akabonyeza, na kamera ikanyamaza. Altine alikuwa nyuma ya pazia. Alipousikia ule ukimya moyo wake ulipoa kama aliyekunywa mtindi wakati wa jua kali.

Lakini betri haichagui. Juma lililofuata alikuja Bibi Worokia, ambaye dada yake alikuwa amefika kutoka Abijani baada ya miaka ambayo hata wao walikuwa wamepoteza hesabu yake. Walikuwa wamevaa sare. Walitaka picha ya karatasi, wameshikana mikono, kama ile ya mama yao na dada yake. Ngolo alikuwa ametia betri mpya siku mbili tu nyuma, na zilikuwa zimekwisha; akabadilisha na zile za akiba, kumbe za akiba nazo zilikuwa kuukuu. Dada mtu akapanda basi kesho yake alfajiri. Altine akakaa jikoni na mkono mdomoni.

Ungedhani aliacha. Hakuacha. Jelika alipita siku ileile jioni.

"Kuna mtu ananifanyia," Ngolo alimwambia mkewe. "Nimebadilisha duka la betri, nimefuta vumbi, bado. Hii ni husuda. Kuna mtu ananionea wivu, mama Sira."

"Watu ni wabaya," alisema Altine.

Mwisho Ngolo aliipeleka kamera kwa Banjugu Fane, fundi wa redio, feni na kamera, akaiacha huko mpaka siku ya gulio. Na hapo ndipo Altine alipojua kuwa amekuwa akijisumbua bure, kwani wiki hiyo, kamera haipo, filamu haipo, Jelika alikuja vilevile. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai.

Jumatatu ya gulio Ngolo alipojitayarisha kwenda kwa fundi, Altine alijifunga kilemba.

"Unakwenda wapi?"

"Na mimi nakwenda. Nataka kusikia hiyo kamera inaumwa nini."

Banjugu Fane alitoka kwenye ukoo wa wahunzi. Baba yake alifua majembe, babu yake alifua mikuki, na yeye alifanyia kazi barazani kwake, mezani, mbele ya birika la chai na cherehani ya jirani yake, fundi nguo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza ya wenzake. Altine alikuwa Mfulani, wa kabila la wafugaji, na Mfulani na mhunzi kule ni watani tangu mababu. Mtatukanana mpaka jua lizame, na atakayenuna ndiye mwenye aibu. Lakini utani huo una miiko yake. Mtani hamwagi damu ya mtani wake, wala hamvui nguo mbele za watu. Na akikuomba jambo kwa jina la utani, hulikatai.

"Ngolo," Banjugu alisema alipowaona, "umeniletea mtumwa wangu, au kajileta mwenyewe?"

"Nimekuja kuona kama umeoga," Altine alijibu. "Nimesikia ukiingia mtoni, samaki wanaomba hifadhi ng'ambo."

"Nyie mnaoga kwa maziwa na bado mnanuka ng'ombe. Kaa hapo, mchunga kwato. Chai itakufikia wakishakunywa binadamu."

Fundi nguo alicheka. Altine akakaa, akaficha mikono yake chini ya mtandio.

Banjugu akaivuta kamera mbele yake.

"Haya, kaka Ngolo. Kwanza nilidhani ni kutu, ile ya kijani, mahali betri inapogusa. Nikapasugua kwa limau na pamba. Kutu ilikuwapo, lakini ya kawaida. Nikasema basi ni betri za bandia. Nikatia zangu, ninazoziamini. Imelala hapa mezani wiki nzima, na hebu chungulia."

Ngolo akachungulia. Kijisindano kilisimama juu, imara.

"Imepona?"

"Haikuwa inaumwa. Tazama." Banjugu alichukua mita yake, akashikiza waya mmoja kwenye betri na mwingine kwenye kifuniko. "Kimkono kikiwa ndani, hakuna kinachopita. Ingekuwa kuna nyaya zimegusana humo ndani, mita ingetikisika. Nikikivuta nje, unaona? Hapo inakula. Kamera zote za namna hii hula hivyo. Sasa niambie wewe. Kwangu inalala kama mtoto aliyeshiba. Kwako inaamka kula. Kwako kuna nini?"

Altine alitazama birika.

"Kuna joto," alisema Ngolo. "Chumba chetu ni tanuri. Itakuwa swichi ya ndani inajiwasha yenyewe ikipata joto. Ifungue, Banjugu. Toa swichi ya ile kamera yako iliyokufa, uitie hii."

"Nisikilize. Huko ndani kuna nyaya nyembamba kama nywele za mtoto wa juzi, na uzee umezikausha. Ukizipumulia vibaya zinakatika. Naweza kuifungua isirudi tena."

"Na nisipoifungua itaniaibisha tena. Jumamosi nina harusi ya watu wazito. Nikiwakosesha kama nilivyomkosesha Bibi Worokia, nani atanijia tena? Ifungue."

Banjugu akapumua, akachukua bisibisi ndogo. Skrubu ya kwanza iko chini ya kile kimkono, kwa hiyo akakinyanyua kwa kidole. Akasimama. Akakitoa kidole, akakisugua na gumba. Akakipeleka puani.

Upande wa juu wa kimkono, ule unaosukumwa na gumba la mpiga picha, ulikuwa mkavu na umelika kwa miaka ya kazi. Upande wa chini, ambao mpiga picha hana haja nao, ulikuwa na utando wa mafuta ya shea, yale wanayojipaka wanawake. Banjugu alitazama mikono ya Ngolo, iliyopasuka na kupauka kwa dawa za kusafishia picha, mikono ambayo haijapakwa mafuta miaka mingi, maana alama ya mafuta ikiingia kwenye filamu haitoki. Kisha akatazama mtandio wa Altine, pale ilipojificha mikono laini yenye harufu aliyoinusa sasa hivi.

Altine alimwona akinusa. Alihisi masikio yakimwaka.

"Kaka Ngolo," Banjugu alisema polepole, "nimempata mwizi."

"Nani?"

"Huyu Mfulani wako. Ng'ombe wao wamekauka mwaka huu, maziwa hakuna. Ameamua kunywa betri."

Ngolo alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi nguo akasimamisha cherehani yake ili acheke vizuri. Na Altine akaelewa alichofanyiwa. Mhunzi amesema kweli, kama inavyompasa fundi. Na amemfunika, kama inavyompasa mtani. Kilichobaki ni yeye kurudisha tusi moja zuri, wote wacheke, wanywe chai, yaishe. Tusi lenyewe alikuwa nalo mdomoni, la makaa na mama mkwe.

"Haya, mzaha umetosha," alisema Ngolo akijifuta machozi. "Fungua."

Banjugu alimtazama Altine. Akasubiri kidogo. Kisha akaiweka bisibisi kwenye skrubu na kuizungusha, taratibu kuliko inavyohitajika. Skrubu ikatoka. Akaanza ya pili.

"Usiifungue," Altine alisema. "Anasema kweli. Ni mimi."

Ngolo akaangua kicheko kipya. "Mmemsikia? Leo Mfulani amekubali. Banjugu, umeshinda, itabidi tuchinje."

"Mpeni maji ashushie," alisema fundi nguo. "Betri ni kavu."

Altine alikaa katikati ya vicheko vile. Amesema. Amesema mbele ya mashahidi, na kama hawakumwamini, kosa ni lake? Angeweza kwenda nyumbani na dhamiri iliyooga. Lakini bisibisi ilikuwa bado mkononi mwa Banjugu, na Banjugu peke yake ndiye hakucheka.

Akanyoosha mkono akaichukua kamera. Akaiweka mapajani, akatandua kile kitambaa chake. Ncha ya kidole ikaingia chini ya kimkono na kukivuta, bila mlio wowote. Akakunja kitambaa upande huu, upande ule, akafunga fundo. Akatulia kama mtu aliyefunga kasha. Kisha akalifungua fundo, na gumba likakisukuma kimkono mpaka mahali pake. Muda wote huo hakuitazama kamera hata mara moja. Mkono ulikuwa ukiijua njia.

Kicheko cha Ngolo kiliisha chenyewe, kama maji ya bomba yanapokatika.

"Tangu lini?"

"Tangu kile kioo."

"Kioo gani?" aliuliza, na kabla hajajibiwa uso wake ukabadilika. Kisha akasema, "Bibi Worokia."

"Najua."

"Dada yake ameshaondoka, Altine."

"Najua, baba Sira. Naamka nalo, nalala nalo."

Fundi nguo akaanza kushona tena, ingawa hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

"Ngolo," alisema Banjugu, na sauti ya mzaha ilikuwa imemtoka. "Huyu ni Mfulani wangu. Akiumizwa, nimeumizwa mimi. Nakuomba kwa jina la utani, jambo hili lisishuke kwenye ngazi za baraza hii, na usimpandishie sauti. Na wewe, mtumwa wangu, nakuomba kwa jina hilohilo. Kuanzia leo betri ni zako. Jioni unazitoa, unazifunga kwenye pindo la nguo yako. Mwenzako akitaka kupiga picha, atakuja kukuomba."

"Niombe betri kwa mke wangu?" alisema Ngolo.

"Kamera kongwe ikilala hutolewa betri. Hilo ningemwambia mteja yeyote. Mengine mtayajua wenyewe." Akarudisha skrubu zake mbili. "Chai imepoa. Mmeniharibia chai."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume mbele, mke nyuma. Walipofika mahali soko linapoishia Ngolo akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Jelika anacheka ninapozungumza," alisema. "Basi. Hakuna kingine. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi naweza kumchekesha mtu."

"Hilo tu linatosha kuniua."

Wakatembea.

"Nitairudisha picha yako kiooni."

"Usiirudishe. Yule msichana wa kwenye picha hata mimi namwonea wivu."

Ngolo alimtazama, na Altine hakujua kama anataka kucheka au nini, maana hata yeye mwenyewe hakujua.

Kesho yake alikwenda kwa Bibi Worokia na kibuyu cha maziwa, akamweleza yote, amepiga magoti mlangoni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akapokea kibuyu, akasema maziwa yasiachwe juani, akafunga mlango. Altine alirudi bila kusamehewa, na akaona ni haki.

Jumamosi harusi ya watu wazito ilipigwa picha bila tatizo. Na siku chache baadaye sauti ya Ngolo ikaja kutoka studio, sauti ya mtu anayejaribu neno geni.

"Mama Sira. Naomba betri."

Altine hakuuliza ni za kumpigia nani. Kicheko kilikuwa kimeshamfikia jikoni. Alijipaka mafuta mikononi, akajiwa na wazo la kuyaosha, akayaacha. Safari hii hakupita nyuma ya pazia; alizunguka akaingia kwa mlango wa mbele, ule wa wateja.

Jelika alikuwa kwenye kiti. "Dada, upo?" alisema. "Siku nyingi sijakuona. Nilidhani umesafiri."

"Nipo," alisema Altine. "Kilemba chako kimelegea."

Akasimama nyuma yake, akakifungua, akaanza kukifunga upya, kwa mikono ileile iliyofunga vilemba vya nusu ya mji. Shingo ya Jelika ilikuwa na harufu ya mto. Ilikuwa shingo nzuri, hilo alilikubali, na lilimchoma. Ngolo alisimama kando na kamera isiyo na kitu tumboni, macho yanatoka kwa huyu yanakwenda kwa yule.

Nyuma ya sikio la Jelika, Altine akakuta unywele mweupe. Mmoja, mrefu, mwenyewe hana habari nao. Kwa mazoea ya kazi akauingiza ndani ya kilemba. Akaufikiria. Akautoa nje tena, kidogo tu, upande utakaoelekea kwenye mwanga.

Kisha akafungua pindo la nguo yake, akaziweka betri kwenye kiganja kikavu cha mumewe, akavuta kigoda akakaa palepale.

"Piga," alisema.